Friza Imejaa, Nyumba Haina Amani

Huenda wengi wenu mkisoma kichwa cha maneno haya mtasema kwamba jambo hili si la kwetu. Ni la watu wa Ulaya na Marekani, wanaonunua chakula kilichopikwa kiwandani, kikagandishwa kwa baridi kali na kutiwa katika visanduku vya karatasi, mradi mwenye kula asiwe na kazi ila kukipasha moto. Twawaomba mvumilie. Ndugu zetu wanaoishi huko si wachache, na baadhi yao ni wauguzi katika hospitali za Uingereza. Tena hata katika miji yetu siku hizi chapati na sambusa huuzwa zikiwa zimegandishwa, na mama mwenye kazi ya ofisini haoni ajabu kuchemsha maharage ya juma zima siku ya Jumamosi na kuyaweka katika friza mafungu mafungu. Na swali lililo chini ya jambo hili lina umri mkubwa kuliko friza yo yote: chakula kinapoadimika, na mume na mke wasipatane juu ya kiasi cha kuweka akiba, ni haja ya nani ihesabiwe kuwa haja?

Tuwatwae mume na mke ambao hatutawataja majina, kwa kuwa mambo yao tumeyakusanya kutoka nyumba zaidi ya moja. Wote wawili ni wazaliwa wa mkoa wa Kagera, nao wanaishi katika mji mmoja wa Uingereza pamoja na watoto wao wawili. Mama ni muuguzi. Hufanya kazi ya zamu, saa kumi na mbili kwa zamu moja, na mara nyingi usiku. Baba ni mtu wa hesabu katika ofisi. Ni Wakristu wema, wanaosali pamoja jioni, na kabla ya mwaka 2020 hawakuwa na ugomvi ila mmoja mdogo, ambao mama alikwisha kuuzoea. Mama alitaka kuweka katika friza visanduku vichache vya chakula cha tayari, apate kuvipasha moto siku atokapo zamu amechoka. Baba alikataa. “Chakula cha sanduku si chakula, Mama watoto,” alisema. “Mama yangu hakunilea kwa sanduku.” Basi mama, baada ya kusimama saa kumi na mbili kando ya vitanda vya wagonjwa, alirudi akamenya viazi, au ndizi zilipopatikana, akapika. Baba alikula, akashukuru.

Baba huyu alisema waliyokwisha kusema wengine kabla yake. Ufundi wa kugandisha chakula upesi uliletwa madukani na Mmarekani Clarence Birdseye, ambaye katika miaka ya 1910 alikaa Labrador, nchi ya barafu iliyo leo sehemu ya Kanada. Aliona huko jinsi samaki waliovuliwa na wenyeji, Wainuiti, walivyoganda papo hapo kwa baridi ya upepo, na walipopikwa baada ya muda mrefu ladha yao ilikuwa haijapotea. Siri yake ni upesi: maji yaliyo ndani ya nyama yakiganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu zenye kuipasua nyama, lakini yakiganda mara moja chembe huwa ndogo. Mwaka 1930 vyakula vyake viliuzwa kwa mara ya kwanza katika maduka ya mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1954 kampuni ya Swanson ilianza kuuza katika nchi nzima ya Marekani mlo mzima uliokwisha kupikwa, nyama ya bata mzinga pamoja na viazi vitamu na njegere, vyote katika sinia moja ya alumini. Watu waliununua kwa mamilioni. Lakini yasemekana kampuni ilipokea pia barua za hasira, nazo zilitoka kwa wanaume, waliolalamika kwamba wamenyimwa mapishi ya nyumbani. Twakiri kwamba tuliposoma habari hizo tulicheka kwanza. Kisha tukajiuliza kwa nini hatukusikia habari za barua za wake zao.

Sisi hatuoni dhambi katika chakula cha sanduku. Mara nyingi kina chumvi nyingi, na bei yake hupita bei ya viazi na nyama mbichi. Mwenye kukikataa kwa sababu hizo ana akili. Chakula kilichopikwa na mtu wa nyumbani kina heshima yake, na twatumaini hakuna atakayetushtaki kwamba twaidharau. Lakini heshima hiyo ina gharama, na yafaa mwenye kuidai ajue ni nani alipaye. Katika nyumba hii alilipa mama, saa mbili za usingizi kila siku ya zamu.

Ndipo ukaja mwezi wa Machi 2020. Tarehe 11 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la ulimwengu mzima. Ilikuwa Kwaresima, majira ambayo Mkristu hujinyima chakula kwa hiari yake. Lakini katika maduka mengi ya Uingereza rafu za unga, tambi na karatasi za chooni zilikuwa tupu, na katika friza za duka ulionekana ukingo mweupe tu. Tarehe 16 serikali ikaagiza kwamba mtu mmoja akionyesha dalili za ugonjwa, nyumba nzima ikae ndani siku 14. Baadhi ya maduka makubwa yakaweka mpaka, vitu vitatu tu vya namna moja kwa kila mnunuzi. Tarehe 23 watu wakaamriwa kukaa majumbani. Hata friza zenyewe ziliadimika, maana kila mtu alitaka mahali pa kuweka alichokipata.

Baba aliyekidharau chakula cha sanduku akawa mnunuzi wake mkubwa. Kila mke wake alipokwenda zamu, naye alitoka kwenda dukani. Amri ya duka hakuivunja: alitwaa vitatu vya kuku wa mchuzi wa bizari, vitatu vya nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi, vitatu vya samaki, vitatu vya tambi na jibini, kisha akaenda duka la pili akafanya vile vile. Akanunua friza ya pili kwa mtu aliyekuwa akihama, akaiweka katika gereji. Baada ya majuma machache vilikuwamo visanduku 120, wala mama hakuwa na habari.

Tusiwe wepesi wa kumcheka. Baba huyu alikuwa mtoto mdogo Tanzania ilipopita katika miaka ya shida, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wasomaji wetu wenye umri wanazikumbuka foleni za sukari na sabuni, na unga wa mahindi ya njano uliotoka ng’ambo. Wanaukumbuka pia mwaka 1983, serikali ilipowasaka walanguzi na wahujumu wa uchumi, hata watu wengine kwa hofu wakatupa mali usiku isije ikaonekana nyumbani mwao. Mtoto aliyemwona baba yake akirudi mikono mitupu baada ya kutwa nzima katika foleni hasahau. Apate miaka arobaini na mitano, akae nchi ya mbali yenye kila kitu, siku aonapo rafu tupu moyo wake warudi kule kule.

Mama naye alikuwa na yake aliyoyaona. Asubuhi mbili mfululizo alipotoka zamu ya usiku alipita dukani, akarudi na mkebe mmoja wa nyanya. Wauguzi wenzake wawili, wanaoishi peke yao, walikuwa wakila biskuti za mashine ya hospitali. Kapu lililo karibu na mlango wa duka, ambamo watu walizoea kutia chakula cha kuwapa maskini, halikuwa na kitu. Na ni kweli kwamba katika mwezi ule vituo vingi vya kugawa chakula huko Uingereza vilipungukiwa, kwa kuwa waliozoea kutoa hawakuwa na cha kutoa, au walikiweka. Siku moja mama, akitafuta sabuni katika gereji, alifungua friza ya pili. Hakusema neno. Alitoa visanduku 24. Vingine akampelekea bibi mzee jirani yake aliyeagizwa asitoke nje, vingine akawapa wenzake wa kazini.

Siku tatu hazikupita baba akahesabu, akaona pengo.

“Umewapa watu chakula cha wanangu.”

“Baba watoto, wewe ulikitwaa mikononi mwao.”

Baba alijitetea vizuri. Alisema kwamba mke wake anashinda na wagonjwa, na kwa hiyo nyumba yao yaweza kufungwa siku 14 kabla ya nyumba nyingine yo yote mtaani. Alikumbusha maneno makali ya Mtakatifu Paulo kwa Timoteo juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Akamtaja Yosefu aliyejaza maghala ya Misri. Mama akamjibu kwa mana ya jangwani, iliyoingia mabuu watu walipoiweka mpaka asubuhi. Kisha wakanyamaza, siku tatu, katika nyumba ambayo hakuna aliyeruhusiwa kutoka ila kwa kazi na kwa haja ya lazima.

Sisi twaonaje? Twaona kwamba kila mmoja alishika nusu ya Maandiko. Yosefu alikusanya katika miaka ya shibe, sehemu ya tano ya mavuno, na njaa ilipoingia aliyafungua maghala. Hakwenda kukusanya siku ya njaa yenyewe. Na ile mana iliyooza ilikusanywa maradufu siku ya sita, kwa ajili ya Sabato, nayo haikuoza. Kwa hiyo kuweka akiba kwa siku inayojulikana si uchoyo. Basi na tuhesabu. Watu wanne, siku 14, mlo mmoja mkubwa kwa siku: hivyo ni visanduku 56. Ondoa mchele, maharage na viazi vilivyokuwamo nyumbani, tuseme vya siku sita, vyabaki 32. Tukimpa baba hata 40, hatuna neno la kumlaumu. Muuguzi aliyeambiwa usiku kwamba nyumba yake imefungwa hawezi kwenda kuomba chakula mlango kwa mlango. Lakini 80 vilivyozidi vilikuwa vya siku gani? Baba hakuweza kuitaja siku hiyo. Kila safari alijiambia kwamba anaongeza vitatu tu.

Na hivyo ndivyo rafu zilivyokwisha. Wengi wadhani zilimalizwa na walafi waliojaza magari. Lakini waliochunguza manunuzi ya siku zile walikuta kwamba wenye kununua kwa wingi wa kupindukia walikuwa wachache. Watu wengi waliongeza kimoja au viwili, tena wakaenda dukani mara nyingi zaidi. Duka la siku hizi haliweki ghala kubwa nyuma yake. Huletewa mali kadiri ya mauzo ya kawaida. Jumuiya ya wenye maduka ya Uingereza ilisema wakati ule kwamba katika majuma matatu nyumba za watu zilikuwa zimeongeza chakula cha thamani ya paundi bilioni 1. Chakula hakikupungua nchini. Kilihama tu, kutoka mahali ambapo mtu ye yote aweza kukinunua, kikaenda chini ya mifuniko ya watu.

Hapa twakumbuka kihenge cha babu zetu. Nacho kilikuwa akiba, na hakuna aliyemwita mwenye kihenge mchoyo. Lakini kihenge kilisimama uani, kila apitaye alikiona. Mwezi wa njaa mwenye kihenge kilichojaa aliombwa, na akinyima alijulikana. Na mke ndiye aliyejua kuliko mumewe ni vipimo vingapi vilivyobaki hata mavuno. Friza imefichwa gizani, wala mtu wa nyumba ile ile hajui kilichomo. (Tena maisha yake yako katika waya. Umeme ukikatika, friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi chakula kama saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Sisi tulioonja mgao wa umeme hatuhitaji kuelezwa yanayofuata.)

Waingereza wenyewe walikwisha kujua namna nyingine. Kuanzia mwaka 1940 hata mwaka 1954 walikula kwa kadi za mgawo. Serikali ilihesabu vichwa, na tajiri hakupata siagi ya mgawo zaidi ya maskini. Mwaka 2020 kadi hazikuwapo, na mpaka wa vitu vitatu haukuuliza mnunuzi ana watoto wangapi wala ana visanduku vingapi nyumbani. Kazi ya kuhesabu ikaachiwa kila nyumba, maana yake mume na mke. Katika nyumba hii alihesabu mmoja, usiku, mwenziwe akiwa kazini.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mtu ana haki ya kuwa na mali na kuitunza, lakini katika kuitumia aihesabu kama ya wote, awe tayari kuwagawia wenye shida. Na vile vilivyozidi vyapaswa kuwasaidia maskini. Mama alikuwa na msingi hapo. Hata hivyo hatuwezi kumsifu kwa yote. Alitoa kwa siri kama baba alivyoweka kwa siri. Bibi mzee alikula, nasi twafurahi. Lakini mume hakupewa nafasi ya kutoa, na kilichoondolewa kwake bila yeye kujua hakiwezi kuitwa sadaka yake. Nani ajuaye kama asingekubali? Hakuwa amewahi kuambiwa habari za biskuti za mashine. Hakuna aliyemweleza, kwa sababu mama alipofika nyumbani asubuhi alikuwa na viazi vya kumenya.

Usiku wa nne mama ndiye aliyeanza kusema, naye hakutaja mana wala bibi mzee. Alisema: “Miaka sita nimekuomba visanduku vinne kwa juma, ukasema si chakula. Leo vimekuwa chakula.”

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda, na twadhani waume wengi watakaosoma maneno haya watatambua kwamba wamewahi kukisababisha. Baba alikuwa na hofu. Hofu yake ilihesabiwa haja siku ile ile, ikapewa fedha, ikapewa friza na gereji. Mama alikuwa na uchovu. Uchovu wake, tangu miaka sita, uliitwa uvivu wa Kizungu. Kisanduku kilikuwa kile kile, bei ile ile, chumvi ile ile. Na dukani mambo yalikwenda kwa kipimo hicho hicho: hofu ya mwenye gari na friza mbili ilihesabiwa, na njaa ya mtu atokaye zamu saa mbili asubuhi haikuhesabiwa, kwa kuwa hakuwapo milango ilipofunguliwa. Aliyezoea kuamua peke yake nyumbani kwamba shida ya mwingine si shida, sioni, sisi hatuoni, atajifunza wapi kuamua vingine akishika kikapu cha duka.

Wala hatusemi kwamba wake hawatendi hivyo. Twajua nyumba ambazo mama ndiye aliyeficha sukari, mume akanywa chai kavu mwezi mzima. Tena hatusemi kwamba mume aliyezoea chakula cha mama yake ametenda kosa kwa kukitamani. Twauliza tu kama amewahi kukipika.

Baba wa nyumba ile hakujibu usiku ule. Asubuhi alikwenda gereji na kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi kila kilichokuwamo, akakibandika juu ya mfuniko; kisha akamwita mke wake asome. Walibakiza 40. Vilivyobaki, 56, waligawa pamoja kwa muda wa juma moja: jirani yule bibi, jirani wa pili ambaye hawakuwa wamemjua jina, wauguzi, na kapu la dukani. Baba alivipeleka mwenyewe, akiviacha mlangoni na kurudi nyuma hatua kadhaa kama ilivyoamriwa, na bibi mzee alimpungia mkono dirishani.

Nyumba yao haikufungwa siku 14, wala mmoja wao hakuugua. Vile 40 vililiwa polepole, siku za zamu, na ni baba aliyevipasha moto na kuwalisha watoto kabla mama hajafika. Tangu hapo vinanunuliwa vinne kwa juma. Baba angali anadai kwamba samaki wake hana ladha. Friza ya pili iko bado katika gereji, na karatasi juu ya mfuniko, na kilichomo zaidi ni ndizi zilizokwisha kumenywa, kazi ambayo baba huifanya Jumamosi mchana akisikiliza redio, naye hairuhusu familia kumharakisha.